Kushuka Daraja kwa Cotton Vale

St. John's, Antigua
3 Februari 2025

Mwalimu wangu Bwana Inniss,

Nakusalimu kwa heshima, na natumaini miguu haikusumbui kama mwezi wa Desemba. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu huigusi. Mpwa wako ameniambia kwamba ile aliyokununulia umeifunika leso kama maiti.

Nimeingizwa kwenye jopo la watu saba. Kazi yetu ni kuishauri bodi ya kriketi ya visiwa vyetu ipige kura gani juu ya ule mpango unaopigiwa kelele duniani, kwamba mechi za Test, zile za siku tano, zigawanywe madaraja mawili. Wakubwa juu, wadogo chini. Wa mwisho wa juu ashuke, wa kwanza wa chini apande. Huku kila mtu ana hofu, maana kwa jinsi West Indies tunavyocheza sasa tunajua tutaanzia wapi. Juzi dereva wa teksi alipojua kazi yangu alizima redio akaniambia, "Mama, kama ni wewe unayetupeleka daraja la pili, teremka hapa hapa umalizie kwa miguu." Nilicheka, lakini hakuwasha redio tena.

Mimi nauunga mkono mpango huu, na sababu ni wewe. Wewe ndiye uliyeleta madaraja kwenye ligi yetu ya kaskazini mwa Barbados mwaka 1975, na klabu ya kwanza kushuka ilikuwa ya kijiji chetu. Kwenye kijitabu chako cha historia ya ligi uliandika: "Cotton Vale walishuka kwa mchezo wa haki, uwanjani kwao, mbele ya watu wao, na hakuna aliyelalamika." Maneno hayo nayajua kwa moyo tangu nina miaka kumi na miwili. Mimi ni binti wa St. Clair Yearwood, nahodha wa hao walioshuka. Nikisimama mimi kusema kwamba kushuka daraja ni haki, nani atanipinga?

Baba kweli hakulalamika. Hakuwahi kusema lolote.

Naomba barua yako ya ukurasa mmoja ikithibitisha maneno yale, niisome mbele ya jopo tarehe 28 Aprili. Na asante tena kwa barua ile nyingine, uliyoniandikia nilipokuwa natafuta chuo. Bila hiyo nisingefika hapa.

Wako mtiifu,
Coralie Yearwood


St. Lucy, Barbados
14 Februari 2025

Mpendwa Coralie,

Miguu ni ile ile. Sasa imepata mwenzake, moyo. Daktari wangu, ambaye nilimfundisha mwenyewe kugawanya, amenigawia miezi. Sikumuuliza mingapi. Hesabu zake hazikuwa nzuri tangu zamani.

Barua unayoitaka siwezi kuiandika. Kijitabu kile kimezeeka, na vilabu vinane vya kaskazini mwa kisiwa kimoja si dunia. Tafuta mfano mwingine. Mpira wa miguu una madaraja karibu kila nchi, chukua huko. Na nakushauri usimweke baba yako mezani mbele ya watu wasiomjua.

Bi Eudora Forde bado anakuandikia? Anakaa maili mbili kutoka kwangu. Alikuwa mwandishi wa matokeo wa Cotton Vale, na hatujasalimiana tangu msimu ule wa 1975. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza.

Mvua imekataa. Miwa imesimama kama watu waliochelewa kuambiwa habari.

Wako,
Darnley Inniss


St. John's, Antigua
24 Februari 2025

Mwalimu,

Samahani kwa nitakalosema: unaogopa. Wazee wetu wote mko hivyo. Tulipokuwa juu ya dunia hamkuona ubaya wa ngazi, na sasa tunateleza, ngazi imekuwa haramu. Ningekuelewa kama ungekuwa mtu mwingine. Lakini wewe ulitufundisha kwamba kanuni ikishakubaliwa haiulizi jina la mtu.

Nakutumia mpango wenyewe. Kuna kifungu kimoja tu kinachonisumbua, cha tisa. Kinasema kwa miaka minne ya mwanzo nchi tatu zenye watazamaji wengi hazitashuka hata zikimaliza mkiani, eti kwa ajili ya utulivu. Na ndizo hizo hizo zilizouleta mpango. Nimekitafuta kifungu kama hicho kwenye kijitabu chako, sikukiona. Ndiyo maana nakipenda.

Kuhusu Baba, usinihurumie. Nimekua naitwa Mtoto wa Kisiki, unajua kwa nini. Mtu aliyekuwa akigusa mpira kwa gongo ukadakwa anaondoka mwenyewe, hangoji kidole cha mwamuzi, na kisiwa kizima kinamsifu kwa hilo. Siku klabu yake inazama, akagusa, akasimama kama kisiki mpaka ukamtoa wewe, mwamuzi wa siku ile. Mara moja tu maishani, na ndiyo watu waliyoikumbuka. Nilikuwa na miaka mitano. Nilimsamehe zamani. Mtu anayezama hushika chochote. Lakini nadhani hapo ndipo nilipoanza kupenda sheria kuliko watu.

Bi Eudora hunitumia keki nyeusi kila Krismasi. Safari hii aliandika kwenye karatasi ya kufungia: "Ukimwona Mwalimu wako mwambie daftari ninalo." Sikujua maana yake. Wewe unajua?

Coralie


St. Lucy
9 Machi 2025

Mpendwa Coralie,

Umeniandikia jambo nisilolijua. Nilidhani nyumbani kwenu, angalau ndani ya kuta zenu, mlimwamini.

Basi ujue hili. Baba yako hakugusa mpira siku ile. Alisimama kwa sababu hakuwa na la kuondokea. Niliyekosea ni mimi. Nilisikia mlio, nikadhani ni wa gongo, nikainua kidole. Alikuwa na mikimbio arobaini na mmoja, na kama angebaki, Cotton Vale wangeshinda, nao wasingeshuka.

Kwa hiyo futa yale maneno ya kijitabu. Hayakuwa kweli.

Nimechoka kushika kalamu. Mpwa wangu ameniwekea shelisheli la kuchoma mezani na ananitazama kama mlinzi wa gereza.

Darnley Inniss


St. John's, Antigua
18 Machi 2025

Mwalimu wangu,

Nimeisoma nikiwa nimejifungia msalani ofisini, kwa sababu mlango wa ofisi yangu ni wa kioo. Nimelia, kisha nimenawa, kisha nimeenda kwenye kikao kuongea juu ya haki za matangazo.

Usijitese. Hakuna mwamuzi asiyekosea. Ulikuwa na sikio na sekunde moja, hukuwa na mashine ya kurudia picha. Miaka hamsini umelibeba kosa ambalo wengine wangelisahau siku hiyo hiyo. Naona sasa kwa nini uliniandikia barua ile ya chuo. Nashukuru mara mbili.

Na unajua? Umenipa hoja nzuri kuliko niliyokuomba. Nitasema mbele ya jopo: hata pale mwamuzi alipokosea kwa nia njema, mfumo ulisimama, watu waliheshimu, ligi ikaendelea. Barua yako ya tarehe tisa nitaisoma nzima. Niruhusu.

Binti yako,
Coralie


St. Lucy
30 Machi 2025

Mpendwa Coralie,

Usiisome barua ile mbele ya mtu yeyote. Ina uongo, nao uko kwenye neno "niliyekosea".

Mwaka ule nilikuwa katibu wa ligi. Nilizunguka vilabu vyote vinane kwa baiskeli, nimebeba jedwali nililolichora kwa wino wa rangi mbili, nikiwaambia watu kwamba hofu ya kushuka itamwamsha kila aliyelala. Walikubali kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Kufikia Jumamosi ya mwisho walibaki wawili mkiani, Cotton Vale na Lodgefield, na walipangiwa kukutana kwenu, kwenye uwanja wa Malishoni. Atakayeshindwa anashuka. Lodgefield ilikuwa klabu ya watu waliosoma shule yangu. Nilikuwa nimeichezea miaka tisa. Mwamuzi aliyepangwa aliamka mgonjwa, nami nikavaa koti lake jeupe. Hakuna aliyenikataza. Baba yako mwenyewe alisema, "Mwalimu akiwa katikati tumepata mwamuzi na hakimu kwa bei moja." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Saa kumi na moja jioni Cotton Vale walihitaji mikimbio kumi na miwili, wamebakiwa na wapigaji watatu wa kutolewa. Mrushaji akatupa mpira uliokata kuingia ndani. Nikasikia tik. Mdakaji wa nyuma akaudaka, Lodgefield wote wakaruka wakinitaka nimtoe. Baba yako akasimama. Kwa miaka yote niliyomsimamia sikuwahi kumwamua mtu yule. Alikuwa akijiamua mwenyewe, nami nilizoea kutazama miguu yake. Miguu ikiwa imetulia, mpira haukuguswa. Siku hiyo ilitulia. Nikajiambia: leo klabu yake inazama, leo hata yeye atasimama. Unaona kwamba wewe nami tuliwaza sawasawa. Nikainua kidole.

Mpaka hapo lilikuwa kosa.

Baba yako aligeuka, na alipogeuka nikaona kwamba bizimu ya mkanda wa kinga yake ya mguu imekatika upande mmoja, inaning'inia. Mpira ulikuwa umepiga chuma hicho. Akaanza kutembea, na kila hatua bizimu ikagonga kinga: tik. Sauti ile ile. Kutoka katikati ya Malisho hadi mstari wa mpaka wa uwanja ni hatua sabini. Unajua kanuni. Mwamuzi anaruhusiwa kuligeuza neno lake ikiwa mpigaji hajatoka uwanjani. Anapishanisha mikono kifuani, anagusa mabega yake. Mwandishi wa matokeo anainua mkono kuonyesha ameona. Mpigaji anarudi na mchezo unaendelea. Nilikuwa na hatua sabini. Nilizihesabu. Kwenye ya thelathini nilifikiria Lodgefield. Kwenye ya hamsini nilifikiria jedwali langu, kwamba mwamuzi akigeuza neno msimu wa kwanza wa madaraja, watu hawatayaamini madaraja. Baada ya hapo sikufikiria kitu, nilihesabu tu. Wapigaji wawili waliofuata walimalizika kwa mipira sita.

Uliandika kwamba kwenye mpango wangu hukukiona kifungu cha tisa. Ulikuwa nacho. Sikukiandika kwa sababu kilikuwa kidole changu.

Mengine uliyaona mwenyewe. Wateuzi wa timu ya kisiwa hawakuja tena Cotton Vale kutazama mtu. Vijana wakahamia vilabu vya juu. Baada ya misimu minne Malisho yakarudishiwa kondoo. Baba yako aliacha kucheza akiwa na miaka thelathini na mmoja. Mwaka 1983 niliingia baa ya pale njia panda nikamkuta. Wilfred Boyce akamtania, "Wewe Kisiki, toka hapo, ulishatolewa!" Baa nzima ikacheka. Baba yako hakumtazama Wilfred, alinitazama mimi. Alinipa muda wa kutosha. Nilinunua kiberiti nikatoka. Mimi sivuti.

Barua ya chuo haikuwa fadhila. Nilisoma jina lako la ukoo kabla ya alama zako. Alama zilikuwa nzuri, hizo ni zako.

Sikuombi unisamehe, umekwisha kusamehe mara mbili watu wasiokuwepo: baba aliyegusa mpira, na mwamuzi aliyekosea tu. Nakuomba uniambie la kufanya, na uniambie upesi. Masikio yangu yameshakwenda, sisikii hata jogoo. Mlio ule bado nausikia.

Darnley Inniss


St. John's, Antigua
29 Aprili 2025

Bwana Inniss,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Jana jopo limekutana. Sikuisoma barua, wala kijitabu. Nilisema siogopi kushuka, na bado siogopi. Timu mbovu ishuke, hata ikiwa yetu. Ninachokataa ni anayechora ngazi kusimama mahali ambapo ngazi haiwezi kumwangusha. Kifungu cha tisa kitoke, la sivyo kura yetu ni hapana.

Mwenyekiti akasema, "Coralie, dunia ndivyo ilivyo."

Nikamwambia, "Hata Cotton Vale ndivyo ilivyokuwa." Hakuelewa, nami sikumweleza.

Tulipiga kura. Wanne kwa watatu, upande wangu. Kama wakubwa watatusikiliza sijui.

Kuhusu swali lako. Mimi si mpigaji wala si mwandishi wa matokeo. Kuniambia mimi ni sawa na kutomwambia mtu. Nimemsamehe baba yangu kwa miaka arobaini jambo ambalo hakulifanya, na alikufa mwaka 1998 akiwa amesamehewa hivyo, akijua. Msamaha huo sijui nitaurudisha wapi.

Kanuni umeiandika mwenyewe kwa mkono wako. Malisho yapo. Bi Eudora yupo, na daftari analo. Nenda.

C. Yearwood


Cotton Vale, St. Lucy
19 Mei 2025

Coralie mwanangu,

Jumamosi amekuja. Nilikuwa barazani nachambua mbaazi, gari la mpwa wake likasimama, yeye ndani, koti jeupe limemmeza kama shuka. Nikasema, "Leo nani kafa?"

Akasema, "Bado. Chukua daftari lako, Eudora, twende Malishoni."

Miaka hamsini mtu hajanisalimia, akianza anaanza na amri. Walimu! Nikamwambia, "Omba vizuri." Hakusikia, ikabidi mpwa wake amrudie sikioni. Akaomba vizuri.

Tulipita njia panda, na wale wacheza dhumna wa baa walipoona koti jeupe wakatufuata, kama watu ishirini hivi. Wilfred Boyce alikuja na kete yake mkononi, hataki kuiacha wasije wakaichungulia. Kiti cha magurudumu kilikwama kwenye nyasi. Akashuka, akaenda kwa miguu, mpwa wake kamshika kiuno, kondoo wanampisha. Ilichukua muda. Alipofika katikati aligeuka akasema. Sauti yake ni ndogo siku hizi, lakini Malisho yakinyamaza sauti hufika.

"St. Clair Yearwood hakugusa mpira. Nilijua kabla hajafika mstarini. Nilinyamaza ili Lodgefield isishuke."

Wilfred akauliza, "Ulijua, Mwalimu?"

"Nilijua."

"Na mimi nimemwita mtu yule Kisiki miaka ishirini na mitatu!"

Alitia kete mfukoni, akavua kofia.

Kisha Mwalimu akanitafuta kwa macho, akapishanisha mikono kifuani, akagusa mabega yake. Wewe kanuni unaijua: mwandishi wa matokeo asipoinua mkono, mwamuzi haendelei na lolote, anakaa vile vile alivyo. Sikuinua. Nilifungua daftari taratibu. Nikatafuta miwani, ilikuwa kichwani. Nikachonga penseli, na ilikuwa imechongwa tangu Ijumaa. Mpwa wake akanitazama kwa jicho baya, "Bibi, tafadhali, ataanguka."

Nikamwambia, "Yearwood alitembea hatua sabini. Mimi nahesabu."

Siku ile nilikuwa pale mezani kwangu, Coralie, karibu na mstari. Baba yako alinipita hivi, chuma kile kinalia mguuni, nami nikamtazama Mwalimu nikingoja mikono yake, penseli nimeiinua. Nilingoja mpaka hatua ya mwisho. Ndiyo sababu sikumsalimia. Na ndiyo sababu daftari sikulirudisha ligi walipolidai.

Basi nikahesabu, moja moja, kwa sauti. Viwiko vyake vilishuka mpaka kifuani, lakini vidole havikuacha mabega. Kufikia hamsini wanaume walikuwa wananihesabia pamoja, hata Wilfred. Tulipofika sabini niliinua mkono.

Akashusha yake. Mpwa wake akamrudisha kwenye gari.

Daftari nakuletea kwa mkono, posta siiamini. Mstari wa sita, palipoandikwa kwamba alitolewa, nimefuta kwa kifutio nikaandika upya, karatasi imechakaa kidogo, lakini inasomeka: Yearwood, 41, hajatoka.

Eudora Forde
Mwandishi wa matokeo, Cotton Vale